Msafara wa Kokoto Baridi

Si zamani, wala si mbali, ilikuwepo nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kamati ya kulibadilisha bado inakaa vikao na kupokea posho. Nchi hiyo ilikuwa na mito, milima, mahindi na Wizara ya Makadirio. Vitu vingine ilikosa, lakini wizara hiyo ilikuwa nayo, tena ya ghorofa saba, yenye lifti iliyosimama tangu siku ilipowekwa, maana gharama ya kuitengeneza ilikuwa bado inakadiriwa.

Basi wafadhili wakaja kutoka ng'ambo na zawadi ya chanjo ya surua. Wakaiweka kwenye ghala la baridi pale mji mkuu, wakapeana mikono na wenyeji, wakapigwa picha. Wakiwa uwanja wa ndege wanasubiri kuondoka, mmoja wao akauliza swali dogo tu, la kupotezea muda: "Hivi itagharimu kiasi gani kuifikisha dozi moja kwenye mkono wa mtoto mmoja?"

Loo! Swali lile lilipokelewa kama mgeni wa heshima. Likaundiwa kamisheni, likapewa ofisi, likanunuliwa magari. Waziri wa Makadirio, Mheshimiwa Bonaventura Likapo, akaitisha mkutano uwanja wa mpira.

"Ndugu wananchi," akasema, "serikali yenu si ya kihuni. Serikali ya kihuni hufanya jambo kabla ya kujua gharama yake. Kwa hiyo, kuanzia leo, hakuna chanjo itakayotoka ghalani mpaka tujue itagharimu kiasi gani kuitoa ghalani!"

Wananchi wakapiga makofi. Ndicho walicholetwa kufanya.

Sasa katika wizara hiyo alikuwamo mzee mmoja, Mfaume Kitoi, Mkadiriaji Msaidizi, mvi kichwa kizima, amebakiza kidogo astaafu. Kazi yake maisha yote ilikuwa kukubali. Mkubwa akisema mia, Mfaume alisema mia. Mkubwa akibadilisha akasema mia mbili, Mfaume aliomba radhi kwa ile mia. Kwa mwendo huo alijenga nyumba, akasomesha watoto, na hakuwahi kuugua vidonda vya tumbo kama wenzake waliokuwa na maoni.

Lakini alikuwa na binti, Zamoyoni, aliyeolewa Lukwili, kijiji cha mwisho kabisa kwenye ramani, kule ambako mchora ramani alichoka akaweka kalamu chini. Na Zamoyoni alikuwa na mtoto wa kike, Tunu, ndiyo kwanza anasimama dede. Siku tatu baada ya mkutano wa uwanjani, binti akapiga simu.

"Baba, shikamoo. Surua imeingia kijiji cha ng'ambo ya mto. Wameshaanza kuzika."

"Wamezika nani?"

"Watoto, Baba. Watu gani wengine wanazikwa kwa surua?"

"Pole sana, mwanangu. Mpeleke Tunu zahanati akachanjwe."

"Zahanati yetu ina mganga mmoja na kiti kimoja. Chanjo hawana. Wanasema ziko huko huko kwenu, mmezifungia."

"Hatujazifungia, mama. Tunazikadiria."

Upande wa pili Tunu akasikika akicheka.

"Baba," Zamoyoni akasema, "huyu hapa nimembeba, ananivuta hereni. Nimwambie nini? Kwamba babu yake anamkadiria?"

Mfaume hakulala vizuri. Akaenda mwenyewe ghalani kuomba dozi moja tu ya mjukuu. Mlinzi, mtu mpole, akamweleza kwamba dozi moja ikitoka, hesabu ya dozi zilizomo itabadilika, na hesabu ikibadilika makadirio yatayumba, na makadirio yakiyumba, yeye mlinzi atafukuzwa kazi. Mfaume akakubali. Alikuwa amezoea.

*

Kamisheni ikakaa. Mheshimiwa Likapo akaongoza kikao mwenyewe, na mbele yake korosho kwenye bakuli.

"Njia ya kujua gharama ya safari ni kusafiri," akasema. "Tutakwenda kijiji cha mwisho kabisa. Tukishajua gharama ya kufika mwisho, hapo katikati patakuwa mchezo. Kijiji gani cha mwisho?"

"Lukwili, Mheshimiwa," akajibu Afisa Itifaki, bwana mmoja mrefu aliyevaa tai hata akienda msalani.

Mfaume akainua kichwa. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akafungua kinywa bila kuulizwa.

"Mheshimiwa, kama tunakwenda Lukwili... si tubebe na chanjo zenyewe? Tukifika tuwachanje."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mtu aliyekuwa anatafuna korosho akaacha kutafuna. Mheshimiwa Likapo akacheka, kicheko cha mtu mwenye huruma.

"Mzee Kitoi, Mzee Kitoi! Tukibeba chanjo halafu tukachanja, hilo si kadirio tena. Hiyo itakuwa kazi. Na je, zikiharibika njiani? Tutakuwa tumepoteza chanjo tukitafuta gharama ya kutopoteza chanjo. Wewe umesoma wapi?"

"Kweli kabisa, Mheshimiwa," Mfaume akasema.

Ikaamuliwa kwamba masanduku ya baridi yabebe kokoto, kila kokoto ya uzito wa kichupa kimoja. Na kwa kuwa kadirio la kweli linataka mazingira ya kweli, kokoto zilalishwe kwenye barafu, ubaridi wake upimwe kutwa mara tatu. Akateuliwa kijana wa kuzipima, akapewa cheo cha Mkuu wa Ubaridi, na koti. Akachukuliwa pia nesi, Kasilda, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza. Kazi yake ilikuwa kufika Lukwili na kuwachoma watoto hewa, bila sindano, ili ijulikane mkono mmoja unachukua muda gani.

"Nimesomea unesi nije nichome hewa," Kasilda alimwambia Mfaume pale kwenye ngazi, baada ya kikao. "Mama yangu angekuwa hai angenichapa."

Mfaume akatazama juu, akatazama chini, akamweleza habari za Tunu. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemtoka kama mwizi.

"Unataka niibe," Kasilda akasema.

"Sijasema uibe."

"Wewe hujasema lolote tangu uajiriwe, Mzee Kitoi. Mimi ndiye nasema." Akajikuna shingo akifikiri. "Ghalani wananijua, huwa naingia kukagua majokofu. Lakini kichupa kimoja kina dozi kumi, na ukishakichanganya na maji yake hakilali. Kwa hiyo si mjukuu wako peke yake. Ni watoto kumi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na tukikamatwa?"

Mfaume akazishuka ngazi haraka haraka.

*

Msafara ukaondoka asubuhi na ving'ora. Mbele pikipiki za polisi, nyuma yake gari la Waziri, kisha gari la shemeji yake Waziri aliyekuja kubadili hewa, kisha kikundi cha ngoma na mshereheshaji wake, mahema, jenereta, mpishi, na mwisho kabisa, kwenye pikapu ya kukodi, masanduku ya kokoto. Kwenye sanduku moja, katikati ya kokoto, kichupa kimoja kilikuwa kimejilaza kimya na maji yake ya kuchanganyia na sindano zake.

Kanuni ya kamisheni ilikuwa nyepesi: chochote kitakachotumika njiani ni gharama ya chanjo. Mbuzi waliochinjwa waliingia kwenye gharama za ubaridi, kwa sababu nyama iliyobaki ilihifadhiwa kwenye barafu. Shemeji alipopoteza miwani ya jua mtoni, nayo ikaingia. Kila jioni Mheshimiwa Likapo aliuliza jumla, na kila jioni aliiona ndogo.

"Tusiwadharau wafadhili," alisema. "Hawa ni watu wakubwa. Ukiwapa namba ndogo watadhani hatukujitahidi. Agiza soda nyingine."

Na sharti ielezwe hapa desturi moja ya nchi ile, maana bila hiyo yaliyotokea hayataeleweka. Kule kitu cha serikali hakitumiki mpaka mkubwa aliyepo akitumie kwanza, na baada yake wanaomfuata kwa cheo. Ndiyo heshima. Kisima kikichimbwa, Waziri hunywa kwanza. Daraja likijengwa, Waziri hulivuka kwanza, hata kama mafuriko yamewakusanya watu ukingoni wanapiga mayowe. Msafara ulipofika mji mmoja wa njiani, Mheshimiwa Likapo aliombwa azindue wodi ya wazazi. Akavua viatu, akapanda kitandani, akafunikwa shuka mpaka kidevuni, akalala pale mpaka ngoma tatu zikaisha. Nje, mama mmoja aliyeshikwa na uchungu alijifungulia barazani. Alielezwa kwamba angesubiri kidogo tu angekuwa wa pili.

Kasilda aliitazama shughuli ile, akamgusa Mfaume kiwiko.

"Wakikiona kichupa, tumekwisha."

"Hawatakiona," Mfaume akasema. "Hawaangalii masanduku."

Hapo alikadiria vibaya.

*

Lukwili yote ilikuwa uwanjani. Akina mama walikuwa wameamka mapema, wamewaogesha watoto, wamewapaka mafuta mpaka wanang'aa. Redio ilisema msafara wa chanjo unakuja, na watu wa Lukwili ni watu wa kijijini. Wakisikia msafara wa chanjo hudhani unaleta chanjo.

Zamoyoni akamwona baba yake akishuka kwenye pikapu, vumbi tupu. Akamkimbilia na mtoto mgongoni.

"Baba! Mmezileta?"

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Kaa karibu na yule nesi. Usibanduke."

Tunu akamtolea babu yake mkono wenye uji. Mfaume akaushika, kisha akaona Afisa Itifaki anatazama, akauachia.

Mheshimiwa Likapo akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu wa Lukwili! Leo ni siku kubwa. Leo hamtachanjwa!" Akanyamaza apigiwe makofi. Hayakuja. "Leo mtakadiriwa! Nesi wetu atamchoma kila mtoto hewa safi kabisa, ya kiwango cha kimataifa, na kwa hewa hiyo dunia itajua gharama ya kuwafikia. Mwaka ujao, au unaofuata, fedha zikija, chanjo zitawakuta mmeshazoea."

Mama mmoja aliyebeba mapacha, mmoja mbele mmoja mgongoni, akapaza sauti. Watu walimwita Mama Kulwa.

"Mheshimiwa, mapacha wangu nao watachomwa hewa mbili, au wanagawana?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri. Kamanda wa polisi akaagiza kamba izungushwe, akina mama wakae nyuma yake.

Ikafika zamu ya kupima ubaridi wa kokoto mbele ya umma. Mkuu wa Ubaridi, ndani ya koti lake, akafungua sanduku la kwanza, akapima, watu wakaambiwa wapige makofi. Akafungua la pili. Akainama. Akainuka akiwa amebadilika rangi.

"Mheshimiwa! Humu kuna chanjo!"

"Kuna nini?"

"Chanjo, Mheshimiwa! Ya kweli!"

Kamanda akashika bastola yake. Mheshimiwa Likapo akashuka jukwaani, uso umemvimba.

"Nani," akanguruma, "nani ameleta chanjo kwenye msafara wa chanjo?"

Mfaume akavitazama viatu vyake. Alivitazama kwa makini, kama mtu anayetaka kuvinunua. Alijua kwamba huu ndio wakati wa kusema. Alifikiria nyumba, kiinua mgongo na miezi michache iliyobaki, na kinywa kikagoma kufunguka.

"Mimi," Kasilda akasema. Na wakati wote wakimkodolea macho, mikono yake haikusimama. Alikuwa ameshakitwaa kichupa, ameshavuta maji, ameshayaingiza, anakitikisa taratibu. "Na nimeshaichanganya. Hairudi ghalani. Isipotumika leo, inamwagwa. Leteni watoto."

Akina mama wakasukuma kamba. Kwa kitambo kifupi ilionekana kana kwamba jambo la maana litatokea katika nchi ile. Ndipo Afisa Itifaki akanyanyua kidole.

"Samahani, Mheshimiwa. Hii ni mali ya serikali. Haijazinduliwa."

Hasira zote zikamtoka Mheshimiwa Likapo, akaonekana mtu aliyepatwa na wajibu. Akavua koti polepole.

"Mheshimiwa," Kasilda akasema, "hii ni ya watoto."

"Kwani mimi si mtoto wa mtu?" akajibu, akakaa kwenye kiti, akakunja shati.

Akachomwa. Akapiga ukelele, kikundi cha ngoma kikaudaka ukelele wake kikaufanya wimbo. Mpiga picha akaja mbio.

"Mheshimiwa, samahani, ulifumba macho. Turudie?"

Wakarudia. Dozi mbili zikawa zimekwenda, na Waziri alikuwa amefumba macho tena.

Baada yake akaja Katibu wa Wizara. Akaja Kamanda, aliyeomba kwanza asionwe na askari wake. Akaja shemeji, akauliza kama itaingiliana na bia. Akaja mshereheshaji, akaja Mkuu wa Ubaridi, akaja mpiga picha mwenyewe, na Afisa Itifaki akajipanga baada ya mpiga picha kwa unyenyekevu uliosifiwa sana. Kila mmoja akiinuka, watoto nyuma ya kamba walipigiwa makofi waelewe kwamba wanahudumiwa. Kasilda alichoma, machozi yanamdondoka kwenye pamba.

"Imebaki moja," akasema.

"Nani anafuata kwa cheo?" Afisa Itifaki akauliza, anajisugua mkono. "Mkadiriaji Msaidizi. Mzee Kitoi, karibu kitini."

Mfaume akaenda. Miguu yake ilikuwa imezoea kwenda ikiitwa. Njiani akapita karibu na kamba, na Zamoyoni alikuwa pale pale alipoambiwa akae, hakubanduka. Hakulia wala hakumlaani. Alimtazama tu baba yake kama mtu anayesubiri kuona anamfahamu au hamfahamu.

Mfaume akanyoosha mikono juu ya kamba, akamchukua Tunu.

Akakaa kitini, mtoto mapajani. Akakunja shati lake mwenyewe hadi begani, kila mtu akaona. Kisha akakikunja kile kigauni. Kasilda akamtazama usoni. Sindano ikashuka, ikaupita mkono wa mzee, ikaingia kwenye ule mdogo.

Tunu akatoa kilio ambacho hakuna ngoma iliyoweza kukifuata.

"Nani huyo analia?" Mheshimiwa Likapo akauliza kutoka kwenye hema, ambako alikuwa analetewa supu.

*

Matokeo yakatangazwa pale pale, kabla nyama haijapoa. Katibu akasimama, mkono mmoja umeushika mwingine uliochomwa.

"Mheshimiwa, zoezi limevuka matarajio. Dozi zilizosafirishwa ni kumi. Zilizofika kwa walengwa ni tisa. Iliyopotea ni moja."

"Moja tu?" Mheshimiwa akasema. "Katika nchi maskini kama yetu? Huo ni ufanisi wa kutisha. Lakini wafadhili watauliza. Hiyo moja ilipotelea wapi?"

Watu wote wakamgeukia Mfaume, ambaye alikuwa bado amekaa kitini, shati limekunjwa, mkono mzima bila hata doa.

"Mzee Kitoi, jieleze. Ilipotelea wapi?"

"Hapa," Mfaume akasema, akamgusa mjukuu wake begani.

Mheshimiwa Likapo akamtazama mtoto, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Ndiyo maana nchi hii haiendelei," akasema. "Safari ijayo watoto wakae mbali zaidi na masanduku. Andika hilo. Nesi akamatwe, apelekwe mjini juu ya masanduku ya kokoto. Huyu mzee apande pikapu, tutajuana naye huko."

"Sipandi," Mfaume akasema.

Alishtuka yeye mwenyewe. Alisubiri kinywa chake kiombe radhi, kama kilivyozoea, na kinywa hakikuomba. Akanyanyuka na mtoto, akainama, akapita chini ya kamba, akasimama upande wa akina mama.

Tatizo likazuka. Kiti kimoja kingerudi kitupu, gharama ya msafara ingeshuka. Kamisheni ikakaa kikao cha dharura kando ya jenereta, na baada ya majadiliano mazito akaletwa beberu wa zawadi waliyepewa na mwenyekiti wa kijiji, akakalishwa kwenye nafasi ya Mkadiriaji Msaidizi, akafungwa mkanda. Safari nzima hakupinga jambo lolote, na inasemekana alipendwa.

Ving'ora vikatokomea kilimani. Kasilda alikuwa amekaa juu ya masanduku ya kokoto, pingu mikononi, na kabla gari halijakata kona aliinua ile mikono miwili akaipunga.

Uwanjani watoto waliopakwa mafuta walianza kuchezea vumbi. Zamoyoni alikuwa amembana Tunu kifuani, hawezi kufurahi mbele za wenzake. Mama Kulwa akamsogelea Mfaume, akamkagua kutoka juu mpaka chini.

"Mzee, wewe uliyebaki, unajua kuchanja?"

"Sijui."

"Una dawa?"

"Sina."

"Sasa umebaki kutufanyia nini?"

Watu walisogea wasikie. Mfaume akafikiri kazi zake zote za miaka yote, akitafuta humo kitu kimoja kinachoweza kumfaa mtu.

"Ghala ninalijua lilipo," akasema. "Nimeshawahi kufika mpaka mlangoni."

"Limefungwa?"

"Limefungwa. Lina mlinzi mmoja. Mpole."

Mama Kulwa akampandisha vizuri pacha wa mgongoni, yule wa mbele akamkabidhi Mfaume ambebe. Kisha akawageukia akina mama waliokuwa bado wamesimama nyuma ya kamba ambayo askari, kwa haraka ya kuondoka, walikuwa wamesahau kuikunja.

"Kwani sisi," akauliza, "tuko wangapi?"